Ukisharuka Usisimame

Kabla ya yote, nenda chooni. Kila anayenijia siku hizi kuniuliza namna ya kurusha ndege ya kwenye kompyuta safari ndefu, kwa saa halisi, bila kukatisha, anataka nimweleze habari za vifaa. Usukani wa aina gani, kioo cha ukubwa gani. Mimi namuuliza: umekwenda haja? Umekula? Majirani wanajua kwamba hutafungua mlango? Ndege za nyumbani nilizoziona zikianguka hazikuangushwa na injini wala mvua. Ziliangushwa na mtu aliyepiga hodi, na rubani akainuka kwenda kumkaribisha.

Haya nilijifunza Musoma, mtaa wa Mukendo, miaka ile ya ruksa, madukani kulipojaa vitu tena baada ya watu kuchoka kupanga foleni ya sabuni. Nilikuwa fundi cherehani. Wakati wa dhiki niliheshimika sana, maana kitambaa kilikuwa adimu na mimi niliweza kumtolea binti gauni zuri katika gauni kuukuu la mama yake. Halafu mitumba ikaingia kwa marobota, na ufundi wangu wote ukabaki kupunguza suruali za watu wa Ulaya ziwatoshe watu wa mwaloni Mwigobero. Niliudhika, lakini sikukaa kulia. Mume wangu alikuwa akifuata bidhaa Dar es Salaam, na safari moja akarudi na kompyuta iliyotumika. Tuling'oa kichwa cha cherehani mezani, tukaiweka hapo. Nikaanza kuchapia watu barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi.

Ndani yake mwenyewe wa kwanza, sijui wa nchi gani, alikuwa amesahau ndege.

Niliikuta siku natafuta faili la kadi ya mteja. Kioo kikabadilika, nikaona mbele yangu dirisha la ndege ndogo, na chini yake saa nyingi za duara zilizojipanga. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza kigumu. Niliyasoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kama nilivyosoma Biblia nikijiandaa kwa kipaimara. Usukani sikuwa nao, niliendesha kwa vitufe. Miguu niliiweka pale pale chini kwenye pedali ya cherehani, haikuunganishwa na chochote, ila miguu ya fundi haijui kukaa bure.

Viwanja vya dunia nzima vilikuwemo. Musoma haikuwemo. Nilitafuta, nikarudia kutafuta. Mwanza ilikuwepo, Dar ilikuwepo, visiwa ambavyo nina hakika vina mbuzi tu vilikuwepo. Basi nilichukua atlasi ya shule, nikapima Musoma iko digrii ngapi kusini na ngapi mashariki, nikaziandika namba hizo, na ndege ikasimama katikati ya ubapa wa kijani usio na nyumba wala barabara. Nikasema, hapa ndipo Musoma. Kama nyinyi mliotengeneza hamkuiweka, nimeiweka mimi. Tangu siku hiyo sikuwahi kuanzia safari mahali pengine.

Upepo usiachie kompyuta ikuchagulie. Mimi nilitoka nje kwanza nikaangalia moshi wa wakaanga samaki kule Mwigobero unalalia upande gani, nikarudi ndani nikaandika upepo huo huo. Kama ziwani kuna mawingu mazito, weka mawingu mazito. Kama kuna radi, ahirisha, ukae ukinywa chai kama wafanyavyo marubani wenyewe.

Na usiharakishe saa. Kuna kitufe cha kuzifanya dakika zikimbie, na nimekutana na vijana wanaojisifu wamefika London kabla wali haujaiva. Hawajafika popote. Kipo pia kitufe cha kusimamisha, ndege inaganda angani kama picha ukutani mpaka urudi. Hicho nilikibandua kwa mkasi siku ile ile nilipokijua, nikakitupa. Watu wa mtaani walinicheka. Lakini nilikuwa nimeshachoka na maisha yanayosimamishwa na kila mtu anayepita, mara lete kiti, mara lete maji, mara njoo usalimie. Nilitaka kitu kimoja katika juma ambacho kikianza kinakwenda mpaka mwisho wake.

Kuhusu ndege kwenda sawa, fundi yeyote atanielewa. Uzi ukiwa umekazwa mno unakatika, ukilegea unafumuka, kwa hiyo unageuza kile kigurudumu kidogo cha kukazia uzi mpaka mshono utulie wenyewe. Ndege nayo ina kigurudumu cha namna hiyo. Kigeuze kidogo kidogo mpaka uone pua haipandi wala haishuki hata ukiondoa mikono. Wanaochoka safarini ni wale wanaopigana nayo njia nzima.

Wageni nao niliwapatia dawa. Sisi watu wa Mara mgeni haambiwi subiri. Basi nyuma ya kiti changu niliweka benchi, mbao zake zilitoka kwenye mtumbwi uliovunjwa. Aliyepiga hodi aliitikiwa "pita, mlango uko wazi", akakaa, chupa ya chai ilikuwa pembeni yake, na akaambiwa kwamba sasa ni abiria na kushuka ni mpaka tutue. Wengi waliondoka baada ya kikombe cha kwanza. Wachache walikaa mpaka mwisho, wakashangaa jinsi nchi ilivyo kubwa.

Sasa niseme habari ya safari yenyewe niliyotaka kuisema.

Mume wangu aliacha biashara ya Dar akaenda machimboni upande wa Geita, na habari zake zikawa zinakuja kwa kuchelewa, halafu haziji. Mtoto hatukuwa naye. Maneno yakafika nyumbani kwao Butiama kwamba mke wa mtoto wao yuko peke yake mjini, kila Jumapili akitoka kanisani anajifungia na kioo, anaongea na watu wasioonekana, na mgeni akija hainuki. Maneno hayo yalikuwa kweli, isipokuwa hilo la kujifungia. Wazee wakakaa kikao. Wakaamua nirudishwe Butiama, nilime mihogo chini ya macho ya mama mkwe mpaka mume wangu apatikane. Chumba cha Mukendo kirudishwe kwa mwenyewe. Kompyuta ifungiwe.

Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nalipa chumba changu mwenyewe na kula jasho langu mwenyewe, na watu walikaa wakapanga wapi pa kuniweka kama mtungi. Nilikasirika sana. Na nilijua nikishaingia Butiama, kutoka tena hakupo. Nilikuwa nimeshaona wake wa ndugu wawili walioingia kwa muda, hawakutoka.

Aliyetumwa kunichukua ni baba mkwe mwenyewe. Hapo lazima nieleze desturi, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Katika ukoo ule, na katika wa kwetu pia, baba mkwe na mke wa mtoto wake hawakai chumba kimoja. Yeye akitaka kuingia, mimi natoka kwa mlango mwingine ndipo aingie. Chakula napika mimi, anapeleka mtu mwingine. Tukiwa na neno linapita kwa mtu wa tatu, au likibidi linapita ukutani, naye upande ule na mimi upande huu, na hata hapo tunasema kidogo. Mzee yule aliishika heshima hiyo kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Kwa hiyo alimwita binti yake aliyeolewa Kabasa, Bunda, ndiye awe mdomo wake. Huyo ni wifi yangu, mwanamke mwenye sauti ya sokoni na mkono mwepesi.

Walifika Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nimesharuka, natoka Musoma kwenda Dar es Salaam, safari inayozidi saa tatu kwa ndege ndogo kama ile. Nilimsikia mzee akikohoa nje, mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma. Kikohozi kile ndicho ishara yake, maana yake toka nipite. Miguu yangu ikaanza kuinuka yenyewe. Nikaikandamiza kwenye pedali.

Wifi aliingia peke yake.

"Wifi, baba yuko nje."

"Nimemsikia. Msalimie sana. Mwambie niko angani."

"Uko wapi?"

"Nimetoka Musoma sasa hivi. Siwezi kusimama mpaka nitue."

Akasogea akaangalia kioo, akaangalia mgongo wangu, akakaa kwenye benchi kwa nguvu. "Baba amekuja kukuchukua. Gari ya Butiama inaondokaga jioni. Vitu zako tunafunga leo. Sasa toka, mzee aingie akae, jua linampiga."

"Mpe benchi la nje, liweke dirishani, hapo kuna kivuli."

"Yaani baba akae nje kama mdai?"

"Akae nje kama baba mkwe. Mimi niko ndani, na yeye haingii nilipo."

Kwa mara ya kwanza desturi ile ilinifaa mimi. Nilikuwa nimevunja nusu yangu, nusu ya kutoka, na nilijua yeye hatavunja nusu yake hata anyeshewe. Wifi alielewa. Aliinuka akaenda mpaka kwenye soketi ukutani, akashika waya.

"Ukivuta, wifi, uvute ukijua kuna watu ndani."

"Watu gani?"

"Mimi na wewe. Umeshakaa kwenye benchi."

Aliuachia waya. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuwahi kupanda ndege, labda alitaka chai. Alitoka akampa baba yake benchi, pazia likiwa limeshushwa, akarudi akajimiminia kikombe.

Haikupita muda sauti ya mzee ikaja kupitia dirishani, ikielekezwa kwa binti yake. "Muulize mwenzako wamefika wapi."

"Butiama iko chini ya bawa la kulia," nilisema, na wifi akarudia.

"Anaiona nyumba?"

"Hapana, baba. Wenye kompyuta hawakuweka nyumba. Ni kijani tu. Lakini iko hapo."

Wifi alirudia. Kisha mzee akasema, "Iko hapo," kama mtu anayekubali hoja ndogo ili aje kushinda ile kubwa.

Katika safari ndefu hatari kubwa ni pale kati, usipokuwa na la kufanya. Rubani analala, au anaanza kuwaza maisha yake. Jipe kazi. Soma mafuta, soma joto la injini, angalia saa, linganisha na ramani, sema kwa sauti kila unachokiona. Mimi niliyasema yote kwa sauti siku ile, mafuta, joto, mwelekeo, na nilijua mzee anasikia. Kati ya hayo wifi alinipelekea maneno ya kikao. Mama mkwe anaumwa mgongo. Shamba lina magugu. Watu wanasema. Nilimjibu kila moja. Mama mkwe nitakuja kumtazama Jumamosi. Magugu wang'oe walioyaacha yakue. Watu waseme.

Tulipokaribia nyanda za juu za Ngorongoro niligeuza ndege kwenda kusini.

"Mbona imeinama?" wifi aliuliza, akishika benchi. Alikuwa amelishika kweli.

"Nakwepa mlima."

"Mlima uko wapi? Mimi naona tambarare."

"Kwenye kioo haupo. Kwenye ramani upo. Mimi naruka juu ya nchi, siruki juu ya kioo."

Mzee alitaka kujua tunabishana nini. Wifi akamwambia, "Anakwepa mlima, baba, hauonekani." Nilimsikia mzee akibadilisha miguu. Baadaye akasema, "Mwambie huo mlima upo. Azunguke mbali." Alikuwa amewahi kuswaga ng'ombe mpaka huko enzi za ujana wake. Nikazunguka mbali.

Jua lilihama, tukavuka nyika ya Wamasai, chupa ya chai ikaisha. Wifi aliacha kuleta maneno ya kikao. Akawa ananiuliza ile saa inasoma nini na hii inasoma nini. Mimi nikaanza kuhesabu mteremko, na hapa shika hili, linawapotosha wengi. Usisubiri uione Dar ndipo uanze kushuka. Kwa kila futi elfu unazotaka kupunguza, jiwekee maili tatu za njia. Kama uko futi elfu tisa, anza maili ishirini na saba kabla, taratibu, injini ukiipunguza kidogo, abiria wasijue hata kama mnashuka.

Nilikuwa nimeshaanza kushuka umeme ulipokatika.

Kioo kilifanya nukta nyeupe katikati, kikawa cheusi. Mgao wa umeme wa miaka ile ulikuwa hauna adabu, hata Jumapili. Wifi alifungua mdomo. Mimi sikugeuka. Mikono yangu ilikuwa bado juu ya vitufe, miguu juu ya pedali, na saa ya mkononi nilikuwa nayo. Nilijua kasi yangu, nilijua kimo, nilijua uwanja uko mbele kiasi gani. Nikiinuka sasa, nilifikiri, nainuka naingia kwenye gari la Butiama. Hasira ikanipanda, hasira ya kila kitu kilichowahi kunikatikia katikati, shule, kitambaa, mume. Nikaamua kwamba hiki hakitakatika.

Nikaendelea kusema. "Futi elfu nne. Kasi imetulia. Bahari iko mbele."

Dirisha likaongea. "Muulize wamefika wapi."

Nilisubiri. Wifi alikuwa ndiye mdomo wa baba yake na alikuwa akikiangalia kioo cheusi. Neno moja tu lake lingenimaliza.

"Wanashuka, baba," alisema. "Bahari iko mbele."

Sijawahi kumlipa wifi yangu kwa maneno yale, na sijui kama yanalipika.

Niliishusha ndege ile bila kioo. Nilipunguza injini kwa kitufe chake, nikateremsha vile vibawa vya nyuma vya kushukia, hatua ya kwanza, kisha ya pili, nikibonyeza vitufe vilivyokufa kana kwamba viko hai, na kila mara nikitazama saa. Futi elfu mbili. Elfu moja. Uwanja uko sawa na pua. Mia tano. Wifi alikuwa amesogea mpaka nyuma ya bega langu. Mia moja. Injini chini. Nyanyua pua, subiri, subiri. Nilisubiri muda ule ule ambao magurudumu husubiri, wala sikuufupisha.

"Tumegusa," nilisema. Nikafunga breki, nikazima vitu kimoja kimoja kwa utaratibu wake.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya mzee, na haikuelekezwa kwa binti yake. Hakuwa amewahi kuniita hivyo, hata kupitia ukutani, tangu niolewe.

"Naam, baba."

"Ile mashine ya kusaga ya jirani ilinyamaza zamani."

Nilifumba macho. Mashine ile ilikuwa ya umeme. Mtaa mzima ulijua habari za umeme kwa mashine ile, na mimi nilikuwa nimesahau.

"Ndiyo, baba. Ilinyamaza."

"Umeme hakuna."

"Hakuna."

"Na nyie bado mlikuwa huko juu."

"Tungeshukia wapi, baba? Hapakuwa na pa kushukia."

Nilisikia fimbo yake ikigusagusa ukuta, polepole.

"Mmefika wote?"

"Wote. Na binti yako yumo."

"Sasa mimi nilitumwa," alisema, na hapo sauti yake ilichoka. "Wenzangu wananisubiri na mtu. Niende niwaambie nini?"

Sikulitafuta jibu. Lilikuja lenyewe, maana ndilo kila mtu wa kwetu hulitoa akienda kwa mtu na kukuta mlango umefungwa. Mtu aliyesafiri hachukuliwi. Anasubiriwa.

"Waambie umenikuta nimesafiri, baba."

Benchi la nje lililia, alikuwa anasimama. Alikohoa kile kikohozi chake. Kisha akamwita binti yake kwa sauti ya kawaida ya mtu anayewahi gari. "Haya, twende. Tumemkuta amesafiri."

Wifi alichukua kikapu chake. Mlangoni aligeuka akaangalia lile benchi la abiria, akasema, "Nitakuja tena na chai yangu." Alikuja, mara nyingi.

Mzee aliyasema yale yale mbele ya kikao, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, hakuna aliyethubutu kumuuliza nilisafiri kwenda wapi. Mume wangu alirudi kutoka Geita mwaka uliofuata, mikono mitupu, akapita Butiama kwanza kuwasalimu wazazi. Alipoulizia habari zangu, baba yake alimwambia amtafute mkewe Mukendo, kama atakuwa ameshatua.

Siku hizi mzee hayupo. Wifi ananiambia kwamba mpaka anafariki, ndugu wakikumbuka jambo lile na kumuuliza, je, mke wa mtoto wako amerudi, alikuwa akijibu neno moja tu, bado.

Na sijarudi.